Nyimbo za Kwenye Dungu

Sipendi wimbo uliooshwa. Tukianza na hilo tutaelewana. Wimbo ulionyooshwa kila kunjo, mwimbaji amekwanguliwa pumzi zake zote, ngoma inadunda kama imepimwa kwa rula, huo nausikia kutwa hapa stendi ya Kibiti kwenye spika za wauza viatu, na haujawahi kunifanya niinue kichwa. Mimi ni mtu wa nyimbo za wasanii wasio na kampuni, wanaojirekodi wenyewe kwa simu, ambao ukitega sikio unasikia kuku akifukuzwa na mtu akimeza mate kabla ya kuanza ubeti. Wengine wanaiita hiyo sauti chafu. Mimi nawaambia samaki asiyenuka hata kidogo, mwulize muuzaji kamtoa wapi.

Nyimbo nilizozipenda kuliko zote huwezi kuzisikia tena. Usihangaike kuzitafuta. Nilizifuta mimi, na zile nilizoshindwa kuzifuta nilihakikisha hakuna anayezitaka.

Kazi yangu ndiyo iliyoniharibu masikio. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Watu wanaotoka deltani huja na simu zilizokufa, wananiachia, wanakwenda sokoni au hospitali, na mimi huku nyuma nasikiliza kilichomo. Naomba radhi kwa wote, lakini hata fundi cherehani huiangalia nguo uliyoivaa wakati anakupima nyingine. Nikisikia kitu kizuri naandika. Nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni, wasomaji wake wachache, na karibu wote waliniita "bro". Sikuwasahihisha. Mwanamke aliyejitanda mtandio akianza kubishana juu ya besi na mwangwi, wangemwuliza kwanza kama ameolewa.

Wahakiki wa mtandaoni nawajua vizuri. Wapo wanaoandika "moto, moto, moto" chini ya kila kitu, hata wimbo ungekuwa wa baridi kama maji ya mtungi. Wapo wanaoandika aya ndefu kuhusu viatu vya msanii na mchumba wake, ukimaliza kusoma hujui kama ana sauti nzito au nyembamba. Na wapo wa nyota. Hao ndio siwawezi kabisa. Mtu amekaa na wimbo muda wa kunywa chai, kisha anaugawia nyota kama mwalimu anayetaka kuwahi nyumbani. Mkubwa wao alikuwa mchambuzi mmoja wa Dar, mwenye wafuasi wengi na vipokea sauti vikubwa shingoni katika kila picha. Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Ila alisikiliza kama daktari anayesoma majibu ya maabara bila kumtazama mgonjwa.

Mwimbaji wangu alikuwa kijana wa Mbuchi, huko kwenye mikoko na mpunga, ambako kufika kunataka boti na kuondoka kunataka maji yakubali. Siku ya kwanza aliniachia simu akaenda kutafuta vipuri vya mashine ya boti. Nikafungua. Nikakuta nyimbo zisizo na majina, na nilipoanza kuusikiliza wa kwanza nilidhani simu imeharibika. Kulikuwa na upepo. Kulikuwa na makopo yanayogongana. Halafu katikati ya upepo ikatoka sauti ya mtu anayeimba bila haraka, juu juu, kama anayejua kwamba anayemwimbia yuko mbali na lazima sauti ifike.

Aliporudi nikamwuliza, "Huyu anayeimba ni nani?"

"Kwani umesikiliza, dada?"

"Nimesikiliza."

Akashika kichwa. "Ni mimi. Unisamehe kwa hizo kelele za makopo. Nilikuwa naamia ndege."

Aliyezaliwa Rufiji haelezwi, lakini wengine niwaeleze. Mpunga ukianza kushika punje, watu huhamia shambani, wanaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Kutoka kwenye dungu hutandazwa kamba kila upande, zimefungwa madebe na makopo, na ndege wakitua unavuta kamba, shamba zima linalia. Ndege wenyewe hula asubuhi na alasiri. Adhuhuri jua linawashinda, wanajificha kwenye miti, na mlinzi naye anapata nafasi ya kujinyoosha. Ndiyo saa aliyokuwa akirekodi. Anaegemeza simu kwenye sufuria, anaimba. Ndege wakiwahi kurudi, anavuta kamba palepale katikati ya ubeti, makopo yanalia, anapiga ukelele mmoja wa kuwafukuza, kisha anarudi kwenye neno aliloliacha. Hakukata wala hakurudia. Nikamwambia aache kuomba msamaha kwa makopo, maana hayo ndiyo ngoma yake.

Ulikuwepo wimbo mmoja niliouweka mbele ya yote. Kwao, alinieleza, mtu aliye juu ya dungu akiita, aliye dungu la pili lazima aitikie. Huitwi kwa sababu ya neno lolote. Unaitwa ili ijulikane upo. Ukinyamaza, watu wanajua umepatwa na jambo, wanachukua mtumbwi kuja kukutazama. Mama yake alikuwa na dungu lake ng'ambo ya pili ya shamba, na tangu utotoni waliitana hivyo. Akaufanya wimbo. "Mama ee, niitikie nijue upo." Basi, karibu wimbo wote ni maneno hayo, anayazungusha kwa Kiswahili, anayachovya kwenye Kindengereko, anayarudisha. Na mwishoni kabisa, kwa mbali, ukiongeza sauti, unamsikia mwanamke akiitika. Hakuwa amepangwa. Alisikia mwanawe anaita, akaitika.

Niliandika kuhusu wimbo ule maneno mengi kuliko niliyowahi kuandika kuhusu chochote. Nikaupandisha mtandaoni kwa idhini yake, pamoja na nyingine chache. Mchambuzi wa Dar akapita, akaacha hukumu yake: "Nyota mbili. Kipaji kipo, ubora hakuna. Bro, huyo mwana anahitaji studio, siyo kichaka. Na huyo mama mwishoni ni nani, mbona anaharibu?" Nilimjibu kwa lugha ambayo sitairudia hapa. Watu wakaja kuangalia ugomvi, wakabaki kusikiliza wimbo. Wakaanza kuupenda. Mchambuzi alipoona upepo umegeuka, aligeuka nao, akaandika kwamba yeye ndiye wa kwanza kumwona. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Mchambuzi huyo akamwita kijana Dar akaurudie wimbo studio. Kijana akaenda, akarudi na wimbo kwenye flashi, anatabasamu kwa aibu.

"Mle ndani hamna upepo, dada," alisema. "Kuta zimewekwa magodoro. Naimba nausikia moyo wangu unavyogonga."

Nikausikiliza mbele yake. Makopo hayapo, upepo haupo, mama haitiki. Sauti yake imewekwa peke yake mahali peupe. Nikamwambia, "Wamemwosha, wamemkafini, bado kumswalia."

Akacheka. "Ah, we nawe, ulimi wako huo! Lakini huu ndio watauweka kwenye miito ya simu."

Mwito ni ule wimbo anaousikia mtu anayekupigia, wakati anangoja upokee. Mwenye simu mwenyewe hausikii hata siku moja. Nilimwambia mwito siyo wimbo, ni kipande cha wimbo kilichokatwa kichwa na miguu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kupenda muziki akiwa anasubiri mwenzake apokee simu.

"Lakini unaita," alisema. "Wimbo wenyewe si wa kuita?"

Kwa tabia yangu nikabadilisha mazungumzo.

Alikufa msimu wa mpunga uliofuata. Tumbo lilimkaza akiwa dunguni. Zahanati wakasema hili siyo la hapa, mkimbizeni. Wakampakia kwenye boti na mama yake, lakini maji yalikuwa yanakupwa, na kijito kile maji yakishatoka kinabaki tope tupu. Boti ikakaa. Mbele tope, nyuma tope, mikoko kila upande. Wenye boti waliita mpaka sauti zikawakauka, lakini pale hapakuwa na shamba wala dungu la mtu wa kuwaitikia. Wakangoja maji yajae. Mama alikuwa amempakata kichwa mapajani, anampepea kwa ncha ya kanga. Maji yalianza kurudi, boti ikaanza kutikisika, na mama akawaambia wenye boti wasihangaike tena, wageuze.

Habari nililetewa na mwenye boti mmoja aliyekuja kuchaji simu. Alinitajia tu, kama anavyotaja bei ya kamba wabichi Nyamisati. Nilikaa na chaja mkononi nikashindwa kukumbuka ni ya nani.

Kwenye ukurasa wa mchambuzi, picha ya kijana iligeuzwa nyeusi na nyeupe, ikazungushiwa mishumaa. Mishumaa, kwa Mwislamu wa Mbuchi! Chini yake watu wasiomjua walilia kwa vikaragosi. Nyota mbili zikawa tano. Wimbo ulioitwa kichaka ukaitwa urithi. Naye akanitumia ujumbe: "Bro, pole. Najua unazo ambazo hazijatoka. Nirushie zote, tutoe albamu ya kumbukumbu. Jina la mwana lisife." Nilizitazama zile nyimbo kwenye kompyuta yangu, na ninasema kweli, nilitaka. Hakuna kitu nilichokitaka kama watu wazisikie, zote, na makopo yake.

Nikamwambia angoje nikaongee na wazazi. Baba alikuwa ameshatangulia zamani. Alikuwapo mama.

Nilikwenda Mbuchi kwenye hitima. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumwona, maana alimwitikia mtu aliyemwita uani, na ilikuwa sauti ile ile ya mwisho wa wimbo. Nikaingia jikoni kusaidia kuosha masinia. Watu walipopungua akaniita tukae kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kibanda. Alikuwa akikutaja. Dada wa Kibiti, dada wa Kibiti." Akaniangalia vizuri. "Ati zile nyimbo zake unazo wewe."

"Ninazo, mama. Zote."

"Nataka uzifute."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, polepole, kama anamwelekeza mgeni njia.

"Zifute, mwanangu. Za kwako, na walizonazo watu. Yule kule alipo hana cha kuongeza. Kasimama na alichokwenda nacho. Watu wakizicheza huku, wakizicheza kwenye ulevi wao, wakizicheza wakati wa adhana, anaandikiwa dhambi yeye. Mimi mamake nitalalaje?"

Haya si mambo mapya kwetu. Pwani nzima, mwimbaji akifa, nyumbani kwao huomba nyimbo zifutwe, kama wanavyoomba madeni yake yasamehewe. Mimi mwenyewe nimeshawafutia wateja picha za marehemu wao. Lakini sikuwahi kuombwa nifute kitu ninachokipenda.

"Mama," nikasema, "nyimbo zenyewe hazina matusi. Hamna mapenzi ya ovyo. Ule mmoja anakuita wewe tu. Ni nzuri, mama. Watu huko Dar, mpaka na nje, wanasema ni nzuri."

"Sikukuuliza uzuri wake."

Nimesoma wahakiki wengi na nimebishana nao wote. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kama mama yule. Nikainama. Nikamwahidi. Akataka niahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikaahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba sitaacha hata mmoja.

Baada ya hapo akalegea kidogo, akanimiminia chai. Alisema watu wamemfaa sana katika msiba ule. Simu haipumziki. Binti zake wawili, mmoja kaolewa Umwe, mwingine Nyamisati, wanampigia asubuhi na jioni, na wakwe, na watoto wa ndugu, hata rafiki za marehemu. "Nikipokea hawana neno," alisema. "Wananisikia tu kwamba nipo, basi wanakata. Mabinti zangu hawakuwa hivyo zamani. Siku hizi hata vocha wananirushia bila kuomba. Maana hii simu nayo ina jini, inakula salio sijui linakwenda wapi." Nikamwambia simu nyingi zina tabia hiyo. Nilikuwa nawaza nyimbo.

Nilipofika Kibiti nilizifuta za kwangu siku hiyo hiyo, kabla sijapata akili ya kujitetea. Niliusikiliza kila mmoja mara ya mwisho, nikafuta. Ule wa kuita niliuacha uwe wa mwisho. Mama alipoitika mwishoni, nikabonyeza. Kompyuta inauliza kama una uhakika. Nililichukia lile swali.

Wateja wangu waliokuwa nazo niliwaomba, na karibu wote walikubali, ni watu wetu, wanaelewa. Mchambuzi hakukubali. Alisema sanaa ni mali ya umma. Alisema mama hajui thamani ya mwanawe. Nilimwandikia kwa heshima, nikamwandikia kwa ukali, nikamtumia sauti ya mama mwenyewe akiomba, niliyomrekodi Mbuchi kwa idhini yake. Akaniambia sauti ile ingefaa kuanzia albamu.

Nikakaa nikafikiri. Watu wale hawamwogopi Mungu wa mama yule, na aibu hawana. Wanaogopa kitu kimoja tu: kuonekana wanapenda kitu kisichostahili. Basi nikaandika uhakiki.

Niliandika kwamba yale makopo yalikuwa yanaficha udhaifu wa koo. Niliandika kwamba nyimbo zake zote ni wimbo mmoja, na kwamba mtu anayerudia maneno matano hana la sita. Niliandika kwamba tulimsifu kwa kuwa ametoka kwenye tope, na huruma siyo sikio. Niliandika kwamba yule mwanamke anayeitika mwishoni ni mchezo wa kuigiza, umewekwa ili tulie. Nilijua pa kuchoma kwa sababu ndipo nilipokuwa nimepapenda. Nikiandika, machozi yalikuwa yananidondokea kwenye vidole, sina haja ya kuficha.

Hakuna nilichowahi kuandika kilichosomwa kama kile. Kilisambazwa mpaka nikarushiwa mwenyewe na mtu asiyejua ni changu. "Hatimaye mtu mwenye ujasiri," waliandika. "Nilikuwa nahisi hivyo siku zote." Wale wale waliolia kwa vikaragosi! Mchambuzi aliona upepo umegeuka, akafuta nyimbo kwenye ukurasa wake kimya kimya, na ya albamu hayakuzungumzwa tena. Kisha akaniandikia: "Heshima, bro. Umesema tulichokuwa tunaogopa kusema." Nikafunga ukurasa wangu. Sijaandika tena juu ya wimbo wa mtu yeyote.

Nikampigia mama kumpa habari kwamba ahadi imetimia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpigia. Nilisikia mkwaruzo wa mtandao, halafu kijana akaanza kuimba.

"Mama ee, niitikie nijue upo."

Ulikuwa ule wa studio, uliooshwa. Lakini mtandao wa Mbuchi ni mbovu, unakatakata, una upepo wake wenyewe ndani, na ulikuwa umeurudishia wimbo uchafu wake wote. Kwenye spika ya simu yangu ndogo aliimba kama yuko dunguni. Aliuweka yeye kwenye laini ya mama yake, alipokuwa hai, pengine kwa mzaha. Kila anayempigia mama, anatanguliwa na mwanawe kumwita. Na mwisho wa kipande kile, pale ambapo studio walimfuta mama, mama akaitika. Alipokea simu.

"Haloo? Nipo."

Nilikata. Nikapiga tena nisikie tena. Akapokea tena, "Haloo? Nipo," na hapo ndipo nilipoelewa zile simu zote za asubuhi na jioni, zisizo na neno. Nikaelewa na vocha: mwito hukata salio, na wao hawakutaka uzimike.

Sikumwambia siku ile. Nilisema nyimbo zimekwisha, akanishukuru, akaniombea dua ndefu. Nilijiuliza nifanyeje. Nikimwambia, atajua kwamba hao wote hawakuwa wakimpigia yeye. Nisipomwambia, nimeahidi kwa jina la Mungu na wimbo umebaki, tena unalia mikononi mwake mwenyewe, wakati wa adhana na wakati wowote. Nilitamani nibaki nao. Hilo lilinitia hofu zaidi, maana sikujua tena kama ninamhurumia mama au ninajihurumia mimi.

Mwezi uliofuata mama alikuja Kibiti kliniki, akapita kibandani. Nikampa kiti. Akafungua fundo la kanga, akatoa simu, akaniwekea mezani.

"Na hii ikague. Isije ikawa ina kitu cha marehemu, mimi nimekaa nacho tu bila kujua. Na hilo jini la salio ulitoe."

Nikaichukua. Nilikuwa sijaifungua ikaita mkononi mwangu. Jina la binti wa Umwe.

"Pokea tu," mama alisema, "mwambie niko hapa."

Nikapokea. Upande wa pili palikuwa kimya, mtu anapumua kama aliyekuwa analia. Nikasema, "Mama yupo hapa Kibiti, mimi dada wa kibanda." Akashtuka. "Ah, hamna neno," akasema. "Msalimie." Akakata.

"Umeona?" mama alisema, anatabasamu. "Ndivyo walivyo sasa. Hawawezi kukaa bila mimi."

Nilikuwa na nafasi ya kumweleza. Mdomo niliufungua. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba katika dunia yote amebakiwa na jambo moja linalomfurahisha, nikakosa ulimi wa kumwambia kwamba si lake. Basi nikafanya lile nililoahidi na nikanyamazia lile lingine. Nikaingia kwenye menyu ya mtandao, nikabonyeza, nikabonyeza, ukaja ujumbe kwamba huduma imeondolewa. Hapakuwa na mahali pengine tena aliposikika.

"Kulikuwa na kitu?" akauliza.

"Kilikuwepo kilichokuwa kinakula salio. Nimekitoa."

"Nilijua mimi," alisema, akaifunga simu kwenye fundo la kanga.

Hazikupita siku nyingi akanipigia. Nilikuwa na wateja, nikasogea kando nimsikilize. Tukaamkiana. Akauliza hali, akauliza biashara, akauliza kama mvua zimeanza Kibiti. Kisha akauliza kama mtandao una tatizo.

"Huku kwetu naona hauko sawa," alisema. "Simu imenyamaza. Mabinti hawapigi, hakuna anayepiga. Nikasema labda umeharibika njiani. Au ulipolitoa lile jini uligusa kitu?"

"Sidhani, mama."

"Hebu kata unipigie. Nione kama inaita."

Nikakata, nikapiga. Ikaita mlio wa kawaida, ule wa simu zote. Akapokea upesi, alikuwa amekaa nayo mkononi.

"Haloo? Nipo. Umesikia inaita?"

"Inaita, mama. Inaita vizuri."

Nilisikia makopo yakilia mbali shambani, mtu anafukuza ndege.

"Haya," akasema. "Basi ni watu tu."